Vidokezo 14 vya kurudisha sauti ya Linux bila kupiga upya

Sauti ya Linux ikikatika hapa Shirimatunda, ushauri wa kwanza utakaopewa ni uleule wa Moshi nzima: "Mangi, hiyo tunapiga upya." Usikubali haraka. Kupiga mfumo upya kunakula siku, kunakula bando, na mara nyingi ukimya unarudi palepale. Chanzo huwa ni moduli moja iliyoshindwa kupakiwa, au iliyopakiwa vizuri lakini kuna kitu kinaizuia.

Moduli ni kipande cha kerneli kinachojua kuongea na kifaa fulani. Kerneli haivibebi vipande vyote kila wakati. Inavivuta kadiri vifaa vinavyojitokeza. Kwa hiyo ukitafuta sauti iliyopotea, fuata mnyororo bila kuruka: kifaa kinaonekana? Moduli yake imepakiwa? Kadi imesajiliwa? Miksa iko wazi? Sauti inaelekezwa kwenye kadi sahihi? Karibu amri zote zilizo hapa chini hazihitaji intaneti, kwa hiyo hata bando likiisha kazi inaendelea. Nimewafikiria zaidi wenye Ubuntu, Linux Mint na Debian.

1. Angalia kama kuna "Dummy Output"

Fungua mipangilio ya sauti. Ukiona jina la spika zako, draiva inafanya kazi. Ruka hadi kidokezo cha 10. Ukiona "Dummy Output" peke yake, maana yake seva ya sauti (PipeWire kwenye matoleo mapya, PulseAudio kwenye ya zamani) haikupata kadi hata moja, ikajitengenezea ya bandia ili programu zisigome.

Hapo usigombane na PipeWire. Yenyewe inapokea inacholetewa na ALSA, mfumo wa sauti ulio ndani ya kerneli, uliochukua nafasi ya OSS kuanzia kerneli 2.6 ya Desemba 2003. Sauti ya spika za ndani, ya HDMI na ya USB lazima ipite ALSA. Bluetooth ndiyo yenye njia yake. Muulize ALSA moja kwa moja:

`cat /proc/asound/cards`

Ikijibu "no soundcards", umeshapunguza nusu ya kazi. Tatizo liko chini, kwenye moduli au kwenye kifaa.

2. Uliza kama kifaa kinaonekana

`lspci -nnk | grep -iA3 audio`

Hii ndiyo amri ya kuikariri kuliko zote. Chukua mashine za mtumba zenye Intel ya kizazi cha nne, kama HP EliteBook 840 G1, Dell Latitude E7440 au Lenovo ThinkPad T440. Ukiondoa mistari ya katikati, utaona kitu cha namna hii:

`00:03.0 Audio device [0403]: Intel Corporation Haswell-ULT HD Audio Controller [8086:0a0c]`
`Kernel driver in use: snd_hda_intel`
`00:1b.0 Audio device [0403]: Intel Corporation 8 Series HD Audio Controller [8086:9c20]`
`Kernel driver in use: snd_hda_intel`

Vifaa viwili ndani ya mashine moja. Cha kwanza kinapeleka sauti kwenye runinga au projekta kupitia HDMI au DisplayPort. Cha pili ndicho chenye spika, maiki na tundu la hedifoni. Namba 8086 ni ya Intel mwenyewe, na tarakimu nne zinazofuata ni za kifaa husika.

Sasa soma mstari wa "Kernel driver in use". Ukiwepo, draiva imekishika kifaa. Ukikosekana huku mstari wa "Kernel modules" upo, kerneli inaijua moduli inayotakiwa lakini haikuweza kuitumia. Nenda kidokezo cha 6 na cha 7. Ikikosekana yote miwili, moduli yenyewe huenda haipo kwenye diski. Nenda cha 4. Na kama kifaa hakionekani kabisa, ingia BIOS uone kama sauti imezimwa humo. Mashine zilizotoka kwenye ofisi za watu huja na mambo kama hayo.

Kwa kadi za USB tumia `lsusb`. Moduli yake karibu kila mara ni moja: snd_usb_audio.

3. Pima mnyororo wa upakiaji wenyewe

Kerneli inajuaje kwamba kifaa kile kinahitaji snd_hda_intel? Kila kifaa kina utambulisho wake. Usome hivi, ukiweka namba uliyoipata kwenye kidokezo cha 2:

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:00:1b.0/modalias`

Utapata mstari mrefu unaoanza na `pci:v00008086d00009C20`. Mashine inapowaka, huduma ya udev inauchukua mstari huo na kuulinganisha na faili la modules.alias lililo kwenye folda ya kerneli ndani ya /lib/modules. Likipatikana jina linalolingana, moduli inapakiwa pamoja na zote inazozitegemea. Unaweza kuurudia mchakato huo kwa mkono bila kupakia chochote:

`sudo modprobe -R $(cat /sys/bus/pci/devices/0000:00:1b.0/modalias)`

Jibu likiwa snd_hda_intel, orodha ni nzima. Kama hata hivyo `lsmod | grep snd` haikuonyeshi moduli hiyo, kuna kitu kinaizuia. Lakini kama modprobe inalalamika kwamba haikupata moduli yoyote, ama faili la moduli halipo, ama orodha imepitwa na wakati. Itengeneze upya kwa `sudo depmod -a`, kisha jaribu tena.

Ukisoma matokeo ya lsmod, usiogope sifuri kwenye safu ya tatu. Maana yake ni kwamba kwa sasa hakuna anayeitumia moduli hiyo. Si dalili ya ugonjwa.

4. Hakikisha umeme haukukata katikati ya sasisho

Watu hulaumu bando: "Liliisha nikiwa naapdeti, ndiyo maana sauti imepotea." Mara nyingi bando halina hatia. Amri ya apt hushusha vifurushi vyote kwanza, ndipo huanza kufunga. Bando likiisha, inasimama kabla haijagusa kitu. Hatari kubwa ni umeme kukatika wakati wa kufunga, hasa kwenye mashine ya mtumba ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja. Hapo unaweza kubaki na kerneli mpya ambayo moduli zake ni nusu.

Linganisha vitu viwili: kerneli inayotumika sasa hivi, na folda za moduli zilizopo.

`uname -r`
`ls /lib/modules`

Jina la kwanza lazima liwemo kwenye orodha ya pili. Lisipokuwemo, au kukiwa na shaka kwamba usasishaji haukumalizika, anza na `sudo dpkg --configure -a`. Kisha, kwa Ubuntu na Mint, rudisha vifurushi vya moduli (hapa bando litahitajika):

`sudo apt install --reinstall linux-modules-$(uname -r) linux-modules-extra-$(uname -r)`

Zingatia hicho chenye neno "extra". Draiva nyingi za sauti za Ubuntu hukaa humo, na kwenye mifumo iliyofungwa kwa kubana nafasi huwa hakipo kabisa. Dalili yake ni kwamba kila kitu kinafanya kazi isipokuwa sauti. Kwa Debian moduli zote zimo kwenye kifurushi cha linux-image, kwa hiyo rudisha hicho. Pitia pia `df -h /boot`. Sehemu hiyo ikijaa, sasisho la kerneli hukwama njiani.

Wenye Arch wana lao. Ukisasisha kerneli, moduli za ile inayotumika hufutwa. Ukichomeka kadi ya USB kabla ya kuwasha upya, moduli yake haitapatikana. Washa upya, ndipo uanze kutafuta mchawi.

5. Jaribu kerneli ya jana

Kama sauti ilikuwepo wiki iliyopita na imepotea baada ya sasisho, huna haja ya kubahatisha. Washa mashine ukishikilia Shift, au ukigonga Esc kwenye mashine zenye UEFI, mpaka menyu ya GRUB itokee. Ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani.

Sauti ikirudi, umepata jibu: spika nzima, mipangilio mizima, tatizo ni la kerneli mpya au la vifurushi vyake. Endelea na ya zamani huku ukitengeneza mpya taratibu. Isiporudi, basi sasisho huenda limesingiziwa. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na hakili hata megabaiti moja, lakini ndicho watu wanachokisahau kuliko vyote.

6. Fukua ushauri wa zamani uliozikwa kwenye modprobe.d

Mashine ikipita mikononi mwa mafundi wawili watatu, kila mmoja huacha alama yake. Zitafute:

`grep -rn snd /etc/modprobe.d /usr/lib/modprobe.d`

Tafuta neno "snd" tu, wala usiandike jina zima. Moduli moja inaweza kuandikwa snd-hda-intel au snd_hda_intel. Modprobe inayaona majina hayo kuwa ni kitu kimoja, lakini grep haioni hivyo.

Ukikuta mstari unaoanza na `blacklist`, ujue unazuia moduli isipakiwe yenyewe kifaa kinapojitokeza, lakini ukiiita kwa mkono itakubali. Kwa hiyo kama `sudo modprobe snd_hda_intel` inarudisha sauti lakini ukiwasha upya inapotea tena, mshukiwa wa kwanza ni blacklist. Kizuizi kikali zaidi ni mstari wa `install` unaoishia na `/bin/false`. Huo hauruhusu hata kwa mkono.

Usishangae ukikuta moduli ya snd_pcsp imezuiwa. Hiyo ni ya kile kispika cha kupiga "bip" ndani ya mashine, na imezuiwa kwa makusudi. Iache.

Mstari wa `options` wenye `model=` ndio wa kuutilia shaka. Neno hilo huiambia draiva ijifanye iko kwenye mashine ya aina fulani. Aliyelinakili kutoka kwa mwenye Dell na kulibandika kwenye HP huenda amefunga spika zako. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari huo, washa upya, sikiliza.

Mambo mawili ya kukumbuka unapoandika faili lako mwenyewe: jina lake lazima liishie na .conf, la sivyo halisomwi. Na baada ya kubadilisha chochote endesha `sudo update-initramfs -u`, kwa sababu baadhi ya moduli hupakiwa mapema kabla diski haijafunguliwa.

7. Zijue sentensi sita za kerneli

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na menyu za Kiswahili zikaingia kwenye kompyuta. Ujumbe wa kerneli wenyewe haujawahi kutafsiriwa kwa lugha yoyote. Hata Mjerumani anausoma kwa Kiingereza. Habari njema ni kwamba kuhusu sauti sentensi zinazojirudia ni chache. Uite hivi, na utazame pia anachosema modprobe:

`sudo dmesg | grep -iE "snd|sof|audio|firmware"`

- "Module ... not found in directory": faili la moduli halipo kwenye kerneli hii. Rudi kidokezo cha 4.
- "failed with error -2": faili la fimwea linalotakiwa halipo. Soma kidokezo cha 8.
- "no codecs found": draiva imefika kwenye kifaa lakini chipu ya sauti haikuitikia. Jaribu kidokezo cha 13, na kwa mashine mpya cha 8.
- "Key was rejected by service": Secure Boot imeikataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika. Hii huzipata moduli ulizojijengea mwenyewe; zile zinazokuja na mfumo zimeshasainiwa. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`.
- "Unknown symbol" au "disagrees about version of symbol": moduli imejengwa kwa ajili ya kerneli nyingine. Ijenge upya au irudishe ya mfumo.
- "Module ... is in use": huwezi kuiondoa kwa sababu kuna programu imeishikilia. Kidokezo cha 9 kinakuhusu.

8. Kwa mashine mpya, tafuta fimwea

Mashine za zamani zilitosheka na snd_hda_intel. Nyingi za Intel za miaka ya karibuni, hasa zile zenye maiki za kidijitali juu ya skrini, zinapitisha sauti kwenye kichakataji kidogo cha pekee, na draiva yake inaitwa SOF. Kwenye lsmod utaona majina yanayoanza na snd_sof. Moduli peke yake haitoshi. Inahitaji pia faili la fimwea la kukipa kazi hicho kichakataji.

Kwa Debian sakinisha kifurushi cha firmware-sof-signed. Kabla ya Debian 12 ya Juni 2023, fimwea za aina hiyo hazikuja ndani ya flashi rasmi ya kusakinishia. Ilibidi uzifuate mwenyewe. Ndiyo maana mtu mwenye flashi ya zamani anaweza kufunga Debian vizuri kabisa na kubaki bubu.

Ukitaka kupima kama SOF ndiyo yenye shida, ilazimishe mashine kutumia njia ya zamani kwa kuweka mstari huu kwenye faili la .conf:

`options snd_intel_dspcfg dsp_driver=1`

Spika zikirudi lakini maiki ya ndani ikapotea, usishangae. Maiki hizo zinaitegemea SOF. Chukulia hicho kuwa kipimo tu, kisha tafuta fimwea.

9. Ondoa moduli na uirudishe, bila kuwasha upya

Umefunika mashine ikalala, umeifunua, sauti haipo. Mara nyingi dawa ni kuipakia moduli upya. Kwanza jua nani ameishika:

`sudo fuser -v /dev/snd/*`

Kwa kawaida ni PipeWire na msaidizi wake WirePlumber. Visimamishe pamoja na soketi zake, maana ukiziacha vitajiamsha tena:

`systemctl --user stop pipewire.socket pipewire-pulse.socket pipewire pipewire-pulse wireplumber`
`sudo modprobe -r snd_hda_intel`
`sudo modprobe snd_hda_intel`
`systemctl --user start pipewire.socket pipewire-pulse.socket wireplumber`

Angalia tena /proc/asound/cards. Kadi zikionekana, umemaliza.

10. Zipe kadi namba unazozitaka

Turudi kwenye ile mashine yenye vifaa viwili. Mara nyingi kifaa cha HDMI huwahi, kikachukua namba 0, na spika zikawa namba 1. Kwa anayetumia mipangilio ya PipeWire hili halina shida; chagua tu spika unazozitaka. Lakini programu zinazoongea na ALSA moja kwa moja huenda kwenye namba 0 bila kuuliza, na sauti inaishia kwenye waya wa runinga ambayo haipo. Zibadilishane nafasi:

`options snd_hda_intel index=1,0`

Kifaa cha kwanza kinapewa namba 1, cha pili namba 0.

Wanaorekodi kwaya kwa miksa ya USB wana jambo la ziada. Ubuntu na Mint, kwenye faili la alsa-base.conf, wameshaweka `index=-2` kwa snd_usb_audio ili kadi ya USB isijipe namba 0. Hiyo ni kinga nzuri, lakini namba bado zinaweza kuhama kulingana na kilichochomekwa kwanza. Kwa hiyo usirekodi kwa namba. Rekodi kwa jina. Endesha `arecord -l` uone jina la kadi yako. Vifaa vingi vya Behringer vya bei nafuu hujitambulisha kama CODEC, na amri inakuwa:

`arecord -D plughw:CARD=CODEC -f cd zoezi.wav`

Maneno `-f cd` yanamaanisha biti 16, mara 44,100 kwa sekunde, njia mbili. Ukifika kanisani Jumapili na kuchomeka tundu tofauti, amri hiyohiyo itafanya kazi.

11. Fungua miksa, na ufute vumbi

Kadi ipo, moduli ipo, programu inacheza, lakini kimya. Fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi halisi badala ya "default". Tazama vidhibiti vya Master, Speaker na Headphone. Chini ya kila kimoja kuna herufi mbili: MM maana yake kimezibwa, OO kiko wazi. Herufi M kwenye kibodi inaziba na kuzibua. Mshale wa juu unaongeza.

Sasa tafuta "Auto-Mute Mode". Kazi yake ni kuzima spika pale hedifoni inapochomekwa. Tundu likijaa vumbi au ulimi wake wa ndani ukilegea, mashine inaamini hedifoni ipo saa zote. Kiangazi cha hapa kikipamba moto na barabara za ndani zikianza kutimka vumbi, utaviona visa vya namna hii. Weka "Disabled". Spika zikilia papo hapo, moduli yako haikuwa na kosa lolote, safisha tundu.

Ukimaliza, hifadhi hali hiyo kwa `sudo alsactl store`, kisha pima spika moja moja:

`speaker-test -c 2 -t wav`

12. Neno la kwanza likimezwa, zima usingizi wa kadi

Sauti ipo, lakini kila ukianza kucheza kitu unasikia "tik", na silabi ya kwanza inapotea. "Karibuni" inakuwa "ribuni". Hiyo ni moduli inayoilaza chipu ili kuokoa betri. Angalia:

`cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Jibu likiwa namba yoyote zaidi ya sifuri, chipu inalala baada ya sekunde hizo. Izuie:

`echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Ukiridhika, andika `options snd_hda_intel power_save=0` kwenye faili lako la .conf ili ibaki hivyo. Kama una programu ya TLP ya kutunza betri, rekebisha na huko, la sivyo itaipiga kofi mipangilio yako kila ukichomoa chaja.

13. Kama una Windows pembeni, zima kweli

Windows yenye "Fast Startup" haizimi kikamilifu ukibonyeza "Shut down". Inahifadhi hali ya kerneli yake kwenye diski, na kuna mashine ambazo chipu ya sauti huachwa katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha. Matokeo yake ni "no codecs found" leo, kesho sauti safi, keshokutwa kimya. Tatizo linalokuja na kuondoka hivi huwachanganya wengi wakadhani spika zinakufa.

Ndani ya Windows shikilia Shift unapobonyeza "Shut down", au uizime kabisa "Fast Startup" kwenye mipangilio ya umeme. Kisha chomoa chaja, toa betri kama inatoka, subiri kidogo, washa Linux. Sauti ikitulia kwa siku kadhaa, mchawi umempata.

Wenye Raspberry Pi, kama zile zilizofika shule za sekondari za Karatu kupitia mradi wa Powering Potential, hawana BIOS wala Windows ya kulaumu. Kwao swichi iko kwenye faili la config.txt: hakikisha mstari wa `dtparam=audio=on` upo na haujawekewa alama ya #. Kwenye matoleo yaliyojengwa juu ya Debian 12 faili hilo liko ndani ya /boot/firmware.

14. Chukua kumbukumbu sauti ikiwa nzima

Kazi hii ifanye leo, kabla hujapata tatizo. Siku sauti inalia vizuri, hifadhi hali ya mashine kwenye faili moja:

`(uname -r; lspci -nnk; lsmod; cat /proc/asound/cards) > sauti-nzima.txt`

Ongeza na `alsa-info --no-upload`, au alsa-info.sh kwenye baadhi ya mifumo. Inakusanya hadi mipangilio ya miksa na kuiweka kwenye faili bila kuituma popote. Nakili yote kwenye flashi.

Siku ya ukimya ikifika, tengeneza faili lingine la aina hiyo na uyalinganishe:

`diff sauti-nzima.txt sauti-leo.txt`

Utaona mabadiliko mengine yasiyo na maana, kama namba kwenye lsmod. Wewe tafuta matatu: kerneli imebadilika, mstari wa "Kernel driver in use" umetoweka, au namba za kadi zimehama. Kila moja linakurudisha kwenye kidokezo chake: cha 5, cha 6, cha 10. Na ukiona mafaili yote mawili yanafanana neno kwa neno, achana na moduli. Nenda moja kwa moja kwenye alsamixer, na usipopata kitu huko, peleka mashine kwa fundi wa spika. Mwambie kabisa kwamba mfumo haupigwi upya.